Halua ya Wete na Mrithi wa Miaka 12: Uchambuzi wa Kisa cha Biashara ya Familia

Ukisikia familia ya Pemba inagombania biashara ya baba, usidhani wanagombania nani apate ngapi. Hisa zimo katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, na mtoto wa chuo cha Kurani anaweza kukutajia. Kinachogombaniwa ni kile kinachogawiwa: kipi kilikuwa mali ya marehemu, kipi deni lake, na kipi cha mtu mwengine kilichokuwa kikikaa jikoni kwake tu. Kisa hiki ni cha aina hiyo. Nimekitunga kwa ajili ya mjadala, kwa hiyo wahusika hawana majina na fedha zao ni za mfano. Sheria, matukio ya nchi na mahali ni vya kweli.

Mwanzilishi, tumwite Mzee, alizaliwa Mtambwe mwaka 1958, ng'ambo ya mji wa Wete. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliopewa eka tatu za mikarafuu baada ya Mapinduzi ya 1964. Baba huyo alipofariki, eka zile hazikugawiwa. Ndugu wakachuma kwa zamu, msimu wa huyu, msimu wa yule, na mwenye shida akapewa zamu ya mwenziwe. Mzee alikulia ndani ya mpango huo na akauona ukifanya kazi. Nadhani bila ya kuliweka hili mbele hatutamwelewa, tutamwona mzembe tu.

Ujana wake aliugawa kati ya kupanda mikarafuu, kuchukua mizigo bandarini Wete, na kupiga mwiko kwa mzee mmoja mpishi wa halua. Katika miaka ya 1980 karafuu ikamtupa. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilianza kujitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka. Mkulima wa Pemba hakuwa na pengine pa kuuza kihalali isipokuwa shirika la Serikali, ZSTC. Lakini miaka hiyo hiyo, 1984 na 1985, Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, milango ya biashara ilifunguliwa. Sukari, unga na samli, vitu ambavyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu walivipanga foleni kwa mgao, vikarudi madukani. Mtu anayejua halua akiwa na sukari hana tena kisingizio. Mwaka 1986 Mzee akaazima sufuria la shaba kwa bwana wake wa zamani na akaanza kupikia uani kwake.

Kwa asiyewahi kukaa jiko la halua, kazi yenyewe ni mikono. Wanga unavurugwa kwa maji ya baridi, sukari inachemshwa, vinakutana juu ya kuni, na tangu hapo mwiko hausimami. Wapishi hupokezana saa mbili, saa tatu, samli ikitiwa kidogo kidogo. Mwanzo ni uji, baadaye huanza kuvuta, mwisho huachana na kuta za sufuria na samli hujitokeza juu ikimeremeta. Akizembea mtu, imeungua chini, na harufu ya kuungua haifichiki kwa iliki. Mzee alikuwa akidondosha tone kwenye sahani ya bati, akalibonyeza kwa kidole cha shahada na kukiinua. Likimng'ang'ania, anasema "bado". Likiachia, anaamuru kuni zitolewe. Hatua ile hakuitia saa wala mizani.

Viungo havikuwa vyake. Iliki, kungumanga na zafarani vilitwangwa nyumbani na mkewe, bi mkubwa, akavifunga kwenye karatasi, karatasi moja kwa sufuria moja, na mtoto akavipeleka jikoni. Kwa miaka zaidi ya 30 Mzee hakuwahi kuuliza kipimo. Tutarudi hapo.

Biashara ilikua kwa mwendo wa mji wenyewe. Karafuu zikizaa, watu wanaoa, na harusi haiendi bila halua na kahawa. Karafuu zikikauka, Mzee anakopesha na kuandika. Mwaka 1996 akanunua kiwanja cha jiko na duka. Mwaka 1999 akaoa mke wa pili huko Konde, kaskazini ya Pemba. Watoto wakawa saba: kwa bi mkubwa wanaume wawili na wanawake watatu, kwa bi mdogo mmoja mwanamume na mmoja mwanamke.

Mwaka 2001 ndio unaobeba nusu ya kesi. Ulianza na umwagaji damu wa Januari 27, siku polisi walipowapiga risasi waandamanaji, na Wapemba wengi wakavuka kwenda Shimoni, Kenya. Mtoto mkubwa, kijana wa miaka 18, ametoka skuli juzi tu, akataka kuvuka na wenzake. Mzee akamzuia mbele ya watu wawili wa barzani: "Usende popote mwanangu. Jiko hili lako." Kijana akabaki. Akapiga mwiko, akasimamia wapishi, akafuata sukari Tanga, kwa miaka 18, bila ya mshahara. Akihitaji, aliomba. Alipooa, aliozwa. Alipojenga, alijengewa. Ukimuuliza wakati huo yeye ni nani pale jikoni, angekushangaa: mimi mtoto wa mwenyewe.

Mtoto wa pili alikwenda Oman mwaka 2008. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana bei ya kununulia karafuu, kwa sera ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na Pemba ikapata fedha ambazo vijana wake hawakuwahi kuziona. Maagizo ya halua yakazidi uwezo wa jiko la mabati. Kijana wa Oman akaleta shilingi milioni 9 kidogo kidogo katika mwaka 2012, jiko likajengwa kwa matofali. Binti wa kati akashika daftari la mauzo na la madeni. Naye hakulipwa, na kwa kweli hakuna aliyewaza kwamba ni kazi.

Februari 2019 Mzee akafariki kwa kiharusi. Hakuacha wasia ulioandikwa. Leseni ilikuwa kwa jina lake, kiwanja kwa jina lake, akaunti ya benki kwa jina lake. Funguo za duka zilikutwa zimefungwa kwenye pindo la shuka yake.

Madai

Baada ya kumaliza khitma, familia ilikaa na kuelewana kwa maneno mazuri. Watu wazima wote walisema wako radhi kusameheana: jiko abaki nalo mkubwa, upande wa Konde, yaani bi mdogo na wanawe, wapewe chochote cha haki, mambo yaishe. Kikao kile kingemaliza kila kitu lau warithi wote wangekuwa watu wazima. Lakini binti wa mwisho wa Konde alikuwa na miaka 12.

Hapo ndipo pa kisa chote. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuachia haki yake, nusu au yote. Mtoto hawezi, na hakuna wa kuachia kwa niaba yake, si mama, si kaka, si sheha. Hisa yake lazima ijulikane hadi shilingi. Na haiwezi kujulikana mpaka ijulikane mali yote ni kiasi gani, na hilo halijulikani mpaka kila dai litajwe na lipewe jibu. Mambo ambayo watu wazima wangeyafunika kwa heshima, mtoto mmoja aliyafunua bila ya kusema neno.

Wakaenda Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo kwa sheria ya 2007 ndiyo inayosimamia mirathi ya Waislamu Zanzibar. Kukiwa na mzozo wa nani mrithi au kipi mali, njia ni Mahkama ya Kadhi. Hawa hawakufika mahkamani, lakini walijadiliana wakijua Kadhi angesema nini, na mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yenye maana.

Mali ya biashara, ukitoa deni la muuza sukari wa jumla, ilithaminiwa shilingi milioni 73. Ndani yake mlikuwa na jengo la jiko na duka, kiwanja kitupu cha Limbani cha milioni 18, masufuria matatu ya shaba, bidhaa za ghalani, milioni 6.2 za benki, na madeni ya wateja. Daftari la madeni lilisema milioni 3.1. Binti wa kati alilipitia jina kwa jina akakata hadi milioni 2, kwa kuwa alijua nani kafa, nani kahamia Dar es Salaam na nani halipi hata akikutwa msikitini. Nyumba za kuishi naziacha nje, hazikuleta tabu.

Mtoto mkubwa alikuwa na madai mawili. La kwanza ni kwamba jiko alipewa na baba tangu 2001, na mashahidi wawili wa barzani wako hai. Mashahidi walisema kweli, maneno yalisemwa. Lakini hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, haitimii kwa maneno peke yake. Mpewaji lazima akabidhiwe. Mzee alibaki na funguo, leseni, fedha na amri mpaka siku anaanguka. Zaidi ya hayo, jiko la 2001 lilikuwa la mabati, na lililopo leo ni jengo jengine. Dai hili halikuwa na miguu, na nadhani mwenyewe alilijua. Alilitaja kwa sababu ya uchungu wa Shimoni, kwamba alibaki wakati wenzake wameondoka.

La pili ni ujira wa miaka 18. Hapa moyo unakwenda upande wake na fikihi haiendi. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Zanzibar, ni kwamba anayefanya kazi bila ya kutajiana ujira hana ujira wa kudai. Ipo kauli nyengine, kwamba anayejulikana kwa kazi ile anastahiki malipo ya mfano wake, na wakili hodari angeishika. Lakini upande wa pili ungeuliza: harusi yako nani alilipa? Nyumba yako nani alijenga? Ukianza hesabu hiyo huijui mwisho wake. Na kama mkubwa ana ujira, binti wa kati ana wake wa miaka yote ya daftari. Nimeona hili halikuulizwa hata mara moja katika vikao vyote, na si kwa sababu halina hoja. Hoja yake ni ile ile ya kaka yake.

Dai la Oman lilikuwa gumu zaidi. Kijana alikuwa na stakabadhi zote za kutuma fedha. Zinathibitisha kwamba alizituma, hazisemi kwa nini. Mkopo? Ushirika? Zawadi kwa mzazi? Kanuni ni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Katika daftari la Mzee, aliloandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ulikutwa mstari mmoja: "Zimefika za jiko kutoka kwa mwanangu. Mungu amlipe." Kijana akasema, mnaona, baba amekiri. Mdogo wake wa Konde, kijana wa miaka 19 na msikivu kuliko walivyomdhania, akajibu kwa adabu: "Kaka, mtu anayekusudia kulipa mwenyewe haombi Mungu alipe." Barza ikanyamaza. Mimi naona mstari ule haumpi ushindi yeyote, na kwamba Mzee mwenyewe angeulizwa siku ile angesema ni swali la utovu wa adabu.

Faradhi yenyewe, yaani hesabu ya hisa za warithi, ilichukua dakika chache. Wake wawili wanashirikiana thumni, sehemu moja ya nane. Iliyobaki, mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Ukigawa mali yote mafungu 80: kila mke mafungu 5, kila mtoto wa kiume 14, kila wa kike 7. Jumla 80 kamili.

Suala likabaki: mafungu 80 ya nini? Ya milioni 73, au ya 64 baada ya kutoa 9 za Oman? Watu wazima, wakiwamo wa Konde, walikubali kuzitambua zile 9 kama deni. Hilo ni radhi yao. Lakini kwa mtoto wa miaka 12 deni lisilothibitishwa haliwezi kupunguza haki. Hesabu ya 73 inampa 6,387,500. Ya 64 inampa 5,600,000. Tofauti ni 787,500. Afisa aliyewasimamia alipoweka karatasi mbele yao, kijana wa Oman, kwa simu, akasema ipunguzwe kwake. Akachukua 8,212,500 badala ya milioni 9. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo bora zaidi katika kisa kizima, na kiligharimu chini ya laki nane. Wangeenda mahkamani wangetumia zaidi ya hizo kwa nauli na mawakili.

Konde ikalipwa taslimu. Bi mdogo milioni 4, kijana wake milioni 11.2, binti 6,387,500, jumla 21,587,500. Kiwanja cha Limbani kikauzwa kwa zile milioni 18 na iliyobaki ikatoka benki. Fedha za mtoto zikahifadhiwa kwa jina lake. Jiko likabaki upande wa bi mkubwa: ndugu wawili wa kiume wakaacha hisa zao ndani, mabinti watatu wakakubali kulipwa kwa miaka mitatu, kwa maandishi na saini. Jina la biashara likaandikishwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Mkubwa anataka kupeleka maboksi Dar es Salaam. Aelewe kwamba daftari la alama za biashara la Zanzibar na la Bara ni mawili, na ulinzi wa huku haumfuati huko.

Kilichobaki nje ya mizani

Tumthamini vipi Mzee? Wengi wakisoma kisa kama hiki watasema angeandika. Ni kweli, lakini tujiulize angeandika nini, na lini. Angeandika mwaka 2001 kwamba mkubwa ni mwajiriwa, angemtukana. Angeandika kwamba ni mshirika, bi mdogo asingetulia Konde hata mwezi. Angempa jiko rasmi, angewavunja moyo wa Oman na wengine. Kutokusema kwake kulikuwa na kazi. Kila mtoto alifanya kazi kama mwenye mali kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba siye. Mfumo ule ulizalisha halua kwa miaka 33. Ulikuwa na sharti moja tu, kwamba mwenye kunyamaza awe hai. Za babake, eka za Mtambwe, hazikuhitaji sharti hilo kwa kuwa mkarafuu haujali nani kaupanda, zamu inatosha. Jiko linahitaji mtu wa kila siku, mwenye kukopa sukari na kukubaliwa, na mtu huyo hapatikani kwa zamu.

Angeweza kufanya mambo madogo bila ya kumvunjia mtu heshima. Mstari wa Oman ungekuwa na neno moja zaidi, mkopo au zawadi, basi. Angekuwa na haki ya wasia hadi theluthi, na ingawa wasia kwa mrithi haupiti ila kwa ridhaa ya warithi wengine, ungeonyesha nia yake. Na angeweza kuanza kuwapa wanawe posho, hata ndogo, ili kila mmoja ajue yuko wapi.

Vile viungo, sasa. Wathamini walihesabu sufuria, sukari, deni na matofali. Hakuna aliyehesabu karatasi za bi mkubwa, na wala zisingehesabika, kwa sababu hazikuwa za marehemu. Ni ujuzi wa mtu aliye hai. Bi mkubwa alikuwa kwenye eda, miezi minne na siku kumi, haendi popote, na jiko halikusimama hata siku moja kwa kuwa kinu kiko uani kwake. Wanawe walipokuja kumwambia hesabu zimekwisha, aliwauliza ya viungo imo wapi. Mkubwa akasema, "Mama, zote si zako?" Akajibu, "Zangu ni mafungu matano. Mmenisomea." Tangu mwezi ule analipwa kwa kila karatasi, na mjukuu wa kike anafundishwa kipimo. Wanawe wa kiume hawajaambiwa.

Nina pingamizi moja na suluhu ile, nayo ni Limbani. Kiwanja kiliuzwa Mei 2019, Ramadhani imeanza, kwa haraka ya kumaliza kabla ya Idd. Mei Wete haina fedha. Karafuu huanza kuchumwa kwa wingi kuanzia Julai hivi, na wenye kununua viwanja hujitokeza baada ya kulipwa na ZSTC. Konde wangeweza kupewa kwanza za benki, na fedha ya mtoto ikatengwa mapema kutoka humo humo, milioni 6.2 zikikaribia kuitosha yote. Kijana wa miaka 19 na mama yake wangesubiri miezi minne au mitano kwa karatasi yenye saini, kama walivyosubiri mabinti wa Wete. Walioharakisha hawakuwa wao. Walikuwa ndugu wa Wete waliotaka kulala usingizi, na kiwanja kilichouzwa msimu wa njaa ndicho pekee ambacho jiko lingeweza kupanukia.